"Hoja yenu haisimami": silojismu inapimwaje?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo huku Uporoto, Mbeya. Kwenye kikao mwenyekiti wetu alisema hivi: kila mmea wenye mnyauko bakteria hunyauka majani, mimea ya shamba letu la bondeni imenyauka majani, kwa hiyo mimea ile ina mnyauko bakteria, ing'olewe yote. Mwanachama mmoja ambaye ni mwalimu akasema hiyo ni silojismu mbovu, hoja haisimami. Tulipomuuliza kwa nini, akajibu kwamba "neno la kati halijatawanywa", na hakuna aliyemwelewa. Naomba ufafanuzi, na kama kuna njia ya kuzipima hoja za aina hii hatua kwa hatua kabla hatujapitisha maamuzi.

JIBU: Ndugu katibu, mwalimu wenu yuko sahihi, ila amewajibu kwa lugha ya darasani. Njia ya haraka ya kuliona kosa ni kuyaondoa maneno ya hoja na kuweka mengine huku mkiliacha umbo lilelile:

Kila ng'ombe ana miguu minne.
Meza ya mwenyekiti ina miguu minne.
Kwa hiyo meza ya mwenyekiti ni ng'ombe.

Kauli mbili za mwanzo ni kweli, hitimisho ni kichekesho. Umbo likiweza kutupeleka hata mara moja kutoka kweli hadi uongo, haliaminiki tena, hata siku litakapoangukia kwenye jambo la kweli. Huenda shamba lenu lina mnyauko bakteria kweli. Hoja ya mwenyekiti haijalithibitisha hilo.

Sasa twende taratibu. Silojismu ni hoja yenye kauli tatu: mbili za kuanzia na ya tatu ambayo ni hitimisho. Aliyezichambua kwa utaratibu mara ya kwanza ni Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 KK. Baadaye wanamantiki walioandika kwa Kiarabu, kina Al-Farabi na Ibn Sina, waliiita qiyas, neno lilelile lililotupa "kiasi". Na neno "mantiki" tumelipata kwenye Kiarabu hichohicho, kwa hiyo kazi hii si ngeni sana kwetu kama majina yake ya Kilatini yanavyotisha.

Ndani ya kauli hizo tatu mna maneno matatu tu, kila moja likitokea mara mbili. "Neno" hapa si lazima liwe neno moja. Ni jina la kundi, kama "mimea ya shamba la bondeni". Uchambuzi huanzia mwishoni, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuanzia juu. Tafuteni hitimisho kwanza: hutanguliwa na "kwa hiyo", "basi", "hivyo". Kinachofuata "kwa sababu", "kwani" au "maana" ni kauli ya kuanzia, hata kama msemaji ameitaja mwisho. Kile kinachozungumzwa katika hitimisho ndicho neno dogo. Kile kinachosemwa juu yake ndicho neno kubwa. Neno lililobaki, ambalo halimo kabisa kwenye hitimisho, ndilo neno la kati. Kauli yenye neno kubwa huitwa kauli kubwa na yenye neno dogo huitwa kauli ndogo.

Kwa hoja yenu: neno dogo ni "mimea ya shamba la bondeni", neno kubwa ni "mimea yenye mnyauko bakteria", na neno la kati ni "mimea iliyonyauka majani". Kazi ya neno la kati ni ya mshenga: halionekani siku ya ndoa, lakini bila yeye pande mbili hazikutani. Mshenga aliyeonana na upande mmoja wa ukoo huku na upande mwingine wa ukoo kule hajui kama aliongea na watu walewale.

Hatua inayofuata ni kuziandika upya kauli ziwe katika mojawapo ya sura nne. Kila X ni Y. Hakuna X aliye Y. Baadhi ya X ni Y. Baadhi ya X si Y. Wanamantiki huziita A, E, I na O, irabu zilizochukuliwa kutoka maneno mawili ya Kilatini, affirmo (nakubali) na nego (nakataa).

Kazi ya kuandika upya inaonekana ndogo, lakini kwa uzoefu wa lugha yetu nadhani ndiko hoja nyingi zinakovunjikia. Kiswahili kina mitego yake, na vitabu vya mantiki vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviigusi.

Mtego mkubwa ni "wote" pamoja na kitenzi cha kukanusha. Chukua sentensi ambayo katibu yeyote amewahi kuiandika kwenye muhtasari: "Wanachama wote hawajalipa ada." Je, hakuna hata mmoja aliyelipa? Au wamelipa baadhi na haijatimia? Sentensi inabeba maana zote mbili, na wasikilizaji huchagua kwa kuangalia mazingira. Methali "ving'aavyo vyote si dhahabu" tunaielewa kwa maana ya pili, kwamba baadhi tu si dhahabu, kwa sababu tunajua dhahabu yenyewe hung'aa. Lakini mtu akisema "watoto wote hawajala" tunakimbilia jikoni tukijua hakuna aliyekula. Sasa ongezeni kauli ya pili, "asiyelipa ada hagawiwi mbegu". Kwa maana ya kwanza hitimisho ni kwamba hakuna mwanachama atakayegawiwa. Kwa maana ya pili ni kwamba baadhi yao hawatagawiwa. Hiyo ni tofauti ya kufunga ghala au kulifungua. Dawa ni kutoiandika kabisa sentensi ya namna hiyo. Andikeni "hakuna mwanachama aliyelipa" au "si wanachama wote waliolipa", basi.

Mtego wa pili ni kiambishi "hu-". Mwenyekiti alitamka "kila" mwenyewe, lakini mara nyingi mtu husema tu kwamba mmea wenye ugonjwa "hunyauka". Tunaposema mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba, hatudai kwamba hakuna mwaka zilipochelewa hadi Desemba. "Hu-" inaeleza mazoea, si "kila". Ukiigeuza iwe "kila" bila kuuliza, umeiongezea kauli nguvu ambayo msemaji hakuitia, na mara nyingi hana ushahidi nayo.

Tena kuna "tu" na "ndio". "Waliolipa ada tu ndio wanaogawiwa mbegu" haisemi kila aliyelipa atagawiwa. Inasema kila anayegawiwa amelipa. Mwelekeo umegeuka, na aliyelipa akakosa mbegu kwa sababu ghala limeisha hana hoja kwa kifungu hicho, hata akikasirika vipi. "Baadhi" nayo katika mantiki maana yake ni "angalau mmoja". Haisemi lolote kuhusu waliobaki, ingawa kwenye mazungumzo tunaidhania kwamba wengine wako tofauti. Na majina ya pekee, kama Mbozi au jina la mtu, hushughulikiwa kama kundi lenye kitu kimoja, kwa hiyo huingia kwenye sura ya "kila".

Sasa tufike kwenye lile "halijatawanywa". Swali ni hili: kauli imezungumzia kundi lote, au sehemu yake tu? Neno lililotajwa lote ndilo huitwa lililotawanywa. Katika "kila X ni Y", X imetajwa lote, lakini Y haijatajwa lote. Ukisema kila ng'ombe ana miguu minne hujavizungumzia vitu vyote vyenye miguu minne; umegusa sehemu yao, ile yenye ng'ombe. Katika "hakuna X aliye Y" makundi yote mawili yametajwa lote, maana umeyatenganisha kabisa. Katika "baadhi ya X ni Y" hakuna lililotajwa lote. Katika "baadhi ya X si Y" ni Y pekee lililotajwa lote: ukisema baadhi ya magunia hayamo ghalani, umelipekua ghala zima.

Kwa msingi huo kanuni zinakuwa chache. Neno la kati lazima litajwe lote angalau mara moja. Neno lililotajwa lote kwenye hitimisho lazima liwe limetajwa lote pia kwenye kauli yake ya mwanzo. Kauli mbili za kukanusha hazizai kitu. Kauli moja ikikanusha, hitimisho nalo likanushe. Zote zikikubali, hitimisho haliwezi kukanusha. Na maneno yawe matatu kweli, si manne yaliyojificha.

Ipimeni hoja ya mwenyekiti. "Kila mmea wenye mnyauko ni mmea ulionyauka majani": neno la kati liko nyuma ya "ni", halijatajwa lote. "Kila mmea wa bondeni ni mmea ulionyauka majani": liko nyuma tena, halijatajwa lote tena. Kanuni ya kwanza imevunjwa, na hilo ndilo mwalimu alilotaka kusema. Mshenga amezungumza na sehemu moja ya walionyauka upande huu, na sehemu nyingine upande ule, na hakuna anayejua kama ni mimea ileile. Mmea wa kiazi hunyauka pia kwa kiu, kwa maji kutuama mizizini, kwa sota waliokata shina, na kwa magonjwa ya fangasi.

Anayeona kwa macho kuliko kwa maneno achore miduara mitatu inayoingiliana, njia aliyoitangaza Mwingereza John Venn kuanzia mwaka 1880. Chukueni karatasi, mduara mmoja muuite Mnyauko, wa pili Majani (yaani iliyonyauka majani), wa tatu Bonde. Mtapata vyumba saba ndani na cha nane nje ya yote. "Kila mwenye Mnyauko yumo kwenye Majani" maana yake vyumba vya Mnyauko vilivyo nje ya Majani havina kitu: viwekeeni mistari ya penseli, ni viwili. "Kila wa Bonde yumo kwenye Majani": wekeeni mistari vyumba viwili vya Bonde vilivyo nje ya Majani, kimoja tayari kina mistari. Simamisheni penseli hapo. Msichore hitimisho; litazameni kama limejichora lenyewe. Hitimisho linataka sehemu yote ya Bonde iliyo nje ya Mnyauko iwe na mistari. Angalieni chumba kilicho ndani ya Bonde na ndani ya Majani lakini nje ya Mnyauko. Ni cheupe. Humo ndimo inamoishi mimea yenu iliyonyauka kwa kiu.

Kauli ikiwa ya "baadhi", mnaweka alama ya x ndani ya chumba badala ya mistari, na kila mara kauli za "kila" na "hakuna" huchorwa kwanza. Kama hamjui x ni ya chumba kipi kati ya viwili, iwekeni juu ya mstari unaovitenganisha. Wengi huitupa upande mmoja kwa kubahatisha, na hapo mchoro unaanza kusema uongo.

Kuna jambo ambalo lazima litenganishwe na umbo, nalo ni ukweli wa kauli zenyewe. Mfano: kila kilicho Mbozi kiko Mkoa wa Mbeya, kimondo kiko Mbozi, kwa hiyo kimondo kiko Mkoa wa Mbeya. Umbo halina dosari. Hadi mwaka 2015 hata hitimisho lilikuwa kweli. Mwaka 2016 ulipoanzishwa Mkoa wa Songwe, Mbozi ikahamia huko, kauli kubwa ikawa uongo, na hoja ileile ikaanza kutoa jibu lisilo sahihi bila neno hata moja kubadilika. Hoja njema inahitaji vyote viwili, umbo zuri na kauli za kweli. Kwenye hoja yenu kauli kubwa nayo ina walakini: mmea unaweza kubeba bakteria wa mnyauko bila kunyauka, hasa sehemu za baridi kama huko juu. Kwa hiyo shamba la majani mabichi nalo si uthibitisho wa usalama.

Maneno manne yaliyojificha ni kosa la sokoni zaidi kuliko la shambani. "Mchele wa Kyela unanukia, gunia hili ni mchele wa Kyela, kwa hiyo unanukia." Mara ya kwanza "mchele wa Kyela" ni uliolimwa Kyela, mara ya pili ni jina lililoandikwa kwenye gunia. Ni makundi mawili tofauti yenye jina moja, na hoja ina maneno manne.

Kosa jingine mtakutana nalo karibuni, kwa sababu mtapima. Kipimo chenyewe ni rahisi: kata kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 2 au 3 karibu na udongo, kishikilie kwenye glasi angavu yenye maji safi yaliyotulia, ncha ya chini ikiwa ndani ya maji, na usitikise. Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe za ute kama maziwa hushuka kutoka kwenye mkato. Mwanachama mmoja ataona glasi safi na kusema:

Kila mmea unaotoa nyuzi za ute una mnyauko bakteria.
Mmea huu hautoi nyuzi za ute.
Kwa hiyo mmea huu hauna mnyauko bakteria.

Neno la kati safari hii liko salama, limetajwa lote kwenye kauli zote mbili. Tatizo limehamia neno kubwa. Hitimisho linakanusha, kwa hiyo linazungumzia mimea yote yenye mnyauko. Lakini kauli ya kwanza iligusa sehemu yake tu, ile inayotoa ute. Kanuni ya pili imevunjwa. Kwa lugha ya shambani: ugonjwa ukiwa bado mchanga, au ukikata kipande kisicho na bakteria wa kutosha, nyuzi hazitoki na mmea ni mgonjwa vilevile. Glasi yenye nyuzi inathibitisha. Glasi safi haisafishi.

Hoja nyingi kikaoni hazitamkwi zote. "Huyo ni mtu wa Tukuyu, chai anaijua" imeficha kauli "kila mtu wa Tukuyu anaijua chai", na ikishatolewa hadharani hata msemaji ataona aibu kuitetea. Ulizeni kila mara: ni kauli gani ambayo lazima iongezwe ili hitimisho lisimame? Methali zinafanya kazi hii ya kuficha vizuri sana. "Dalili ya mvua ni mawingu" maana yake penye mvua pana mawingu. Haisemi penye mawingu pana mvua, na mkazi wa Uporoto anayeamka na ukungu unaoyeyuka saa nne asubuhi analijua hilo. Kosa ni lilelile la majani. Dalili ina thamani yake: inatosha kukufanya utafute glasi, haitoshi kushika jembe la kung'olea.

Neno "wengi" halimo kwenye sura nne, na kwa kawaida linavunja mnyororo. Wakulima wengi wana migomba, wengi wenye migomba wana ng'ombe. Hapo hamuwezi kuhitimisha lolote. Ila likitokea juu ya kundi moja mara mbili linazaa kitu: kama zaidi ya nusu ya wanachama wana migomba, na zaidi ya nusu ya wanachama haohao wana ng'ombe, basi lazima yupo angalau mmoja mwenye vyote viwili. Hesabuni kwa wanachama 10, 6 na 6, mtaona.

Kuhusu idadi ya maumbo, msihangaike kukariri. Yapo 256 kwa hesabu, na yanayosimama daima ni 15. Huwa 24 mkichukulia kwamba kila kundi linalotajwa lina angalau mtu mmoja. Tofauti hiyo inawahusu kidogo: "kila aliyechelewa alitozwa faini" ni kweli hata kama hakuna aliyechelewa, kwa hiyo mweka hazina asiitumie kuthibitisha kwamba faini iliingia.

Turudi bondeni. Chukueni mashina kutoka mimea kadhaa ya pande mbalimbali za shamba, si ya kona moja. Tuseme katika 10, manne yametoa nyuzi. Hitimisho linaloruhusiwa ni "baadhi ya mimea ya shamba la bondeni ina mnyauko bakteria". Si "yote". Mimea iliyothibitika ing'olewe pamoja na viazi vyake na itolewe shambani, isitupwe mferejini. Uamuzi juu ya shamba zima unahitaji kauli nyingine, na inayofaa kuandikwa kwenye kanuni za kikundi ni hii: hakuna shamba lenye hata mmea mmoja wenye mnyauko bakteria linalotoa mbegu. Hapo muhtasari utasomeka hivi: "Hakuna shamba lenye mmea wenye mnyauko bakteria linalotoa mbegu. Shamba la bondeni lina mimea yenye mnyauko bakteria, kwa kipimo cha maji. Kwa hiyo shamba la bondeni halitoi mbegu." Maneno matatu, la kati limetajwa lote kwenye kauli ya kwanza, kauli moja inakanusha na hitimisho linakanusha. Mwalimu atatia sahihi.